Ghorofani hakuna uani

Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, ya Ilala au ya Ng'ambo kule Unguja ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba kushoto na kulia, na nyuma yake ua. Wageni walipokewa barazani, lakini maisha yenyewe yalikuwa uani. Huko ndiko jiko lilikowashwa na nguo zilikofuliwa. Huko maji ya kuoshea mchele yalimwagwa chini ya mpapai, maganda wakatupiwa kuku, na jivu likachotwa kusugulia sufuria. Huko pia akina mama waliketi juani wakasukana nywele, pasi na mpita njia kuwaona. Hakuna aliyeusifu ua, kwa sababu ulikuwapo tu, kama upepo.

Leo sehemu kubwa ya Kariakoo imekwenda juu. Upanga ilitangulia zamani, na Michenzani familia zimeishi ghorofani tangu yale majengo marefu yalipojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964. Watu sita au wanane hukaa katika vyumba viwili na sebule, pamoja na roshani ambayo nusu yake imeshikwa na mtungi wa gesi na kamba ya nguo. Tabia za uani tumepanda nazo ngazi. Ua wenyewe tumeuacha chini. Ndiyo maana maji yanayomwagwa ghorofa ya tano hudondokea nguo za ghorofa ya nne, na mafuta yaliyomiminwa katika karo la juu huganda ndani ya bomba, kisha uchafu ukaibukia bafuni kwa mtu wa chini kabisa ambaye hakukaanga chochote siku ile.

Makala haya, ndugu msomaji, yanatazama mambo madogo ambayo familia inaweza kuyafanya ili nyumba ya ghorofani iwe na siha, isiharibu mali, na isimdhuru jirani. Hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kukumbuka kazi ambazo ua ulikuwa ukitufanyia kimyakimya.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayopotea zaidi. Katika jengo refu kila tone limepandishwa. Maji hufika kwanza katika tangi la chini, pampu ikayasukuma hadi paani, ndipo yakateremka mabombani. Pampu hula umeme, na gharama yake hugawanywa kwa wapangaji. LUKU ya jengo ikiisha usiku, asubuhi ndoo hupanda kwa mabega ya vijana. Basi anayeacha bomba wazi anamwaga fedha zake na za jirani pamoja.

Lipo jaribio jepesi ambalo kila nyumba inaweza kulifanya leo. Wekeni beseni chini ya bomba, mtu mmoja atawadhe kama kawaida yake, kisha yapimwe yale maji kwa kopo la lita moja. Tuchukulie kwamba yametoka makopo matano. Watu sita wakitawadha mara tano kwa siku kwa kiasi hicho, hizo ni lita 150. Sasa, hadithi ya Anas bin Malik iliyopokewa na Bukhari na Muslim inaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, kipimo ambacho kwa makadirio ya wengi wa wanazuoni hakifiki lita moja. Watu wale wale sita wakitumia kopo la lita moja kila mmoja watamaliza lita 30. Tofauti ni lita 120, yaani ndoo sita kubwa za lita 20, kila siku, kwa udhu peke yake.

Birika yenye mdomo mwembamba, ile iliyokuwa haikosekani katika nyumba za wazee wetu, inafanya kazi hii vizuri kuliko bomba lolote la kisasa. Mkono mmoja humimina, mwingine huosha, na maji hayatoki mpaka yatakiwe. Watoto wafundishwe kwa birika au kopo tangu mwanzo, kwani mtoto aliyejifunzia udhu kwenye bomba lililo wazi huona shida baadaye kuamini kwamba maji machache yanatosha.

Maji yaliyokusanyika katika beseni nayo yasitupwe. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo wengi wetu wa mwambao tunayafuata, maji machache yaliyotumika katika udhu wa faradhi ni twahara ila hayatwahirishi. Hayafai kutawadhia tena, lakini hakuna kizuizi cha kunyweshea mmea au kumwaga chooni. Vivyo hivyo maji ya mwisho ya kusuuzia nguo: ndoo moja yatosha kusukumia choo. Maji ya kuoshea mchele na kurowekea maharage ni ya mimea. Yale ya povu zito la sabuni yasiende kwenye mboga.

Hapa pana hatari ambayo familia nyingi hazijaitilia maanani. Kwa kuwa maji hukatika, kila nyumba ya ghorofani huweka akiba: pipa bafuni, ndoo jikoni, madumu kwenye roshani. Mbu anayeeneza homa ya dengi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hapendi mtaro mchafu. Hutaga katika maji safi yaliyotulia, na hutafuta hasa vyombo vya majumbani. Jiji la Dar es Salaam lilipata milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyo huuma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, hivyo chandarua cha usiku pekee hakitoshi, na wala ghorofa ya sita si kinga ikiwa pipa la maji lipo humo humo ndani.

Dawa yake ni tabia mbili. Ya kwanza ni kufunika kila chombo cha maji kwa mfuniko unaobana au kitambaa kilichofungwa kwa kamba. Ya pili ni kusugua. Mbu hugandisha mayai yake ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakisubiri maji yapande. Kumwaga maji bila ya kusugua ukuta wa pipa ni kazi nusu. Kwa kuwa yai huchukua takriban wiki moja au zaidi kidogo hadi kuwa mbu kamili, siku moja maalumu kwa wiki inatosha, na Ijumaa asubuhi, wakati nyumba inasafishwa, inafaa sana. Siku hiyo vikaguliwe pia visahani vya chini ya vyungu vya maua na kile kitrei cha nyuma ya jokofu ambacho wengi hawajui kuwa kipo. Na mtu akishikwa na homa kali pamoja na maumivu ya nyuma ya macho na viungo, asikimbilie aspirini, diklofenaki wala ibuprofeni, kwa sababu dengi huweza kusababisha kuvuja damu na dawa hizo huongeza hatari. Apewe parasetamoli kwa kipimo chake, anywe maji kwa wingi, na apelekwe kituo cha afya kupimwa.

Kuhusu taka, tatizo la ghorofani ni harufu, na harufu hutokana na kuchanganya. Maganda ya ndizi na matumbo ya samaki yakitiwa katika mfuko mmoja na makaratasi na chupa, mfuko mzima huoza. Yakitengwa, taka kavu zaweza kukaa hata wiki mbili bila ya kumkera mtu, na chupa zina wanunuzi wake mtaani. Taka mbichi za mboga na matunda zinaweza kurudishwa udongoni hata pasipo ua. Chukua ndoo yenye mfuniko, itoboe matundu madogo chini na pembeni, iweke juu ya beseni. Kila ukitia maganda, funika kwa tabaka la boksi lililochanwachanwa au maranda ya seremala, vikavu kuliko maganda yenyewe. Nyama, mifupa ya samaki na chakula chenye mafuta visiingie kabisa, maana huvuta panya na nzi. Geuza kwa kijiti mara moja kwa wiki. Ikinuka, ujue imelowa mno, ongeza boksi. Baada ya miezi michache utapata mbolea nyeusi isiyo na harufu mbaya.

Mbolea hiyo itatosha kwa madumu ya mafuta ya lita tano yaliyokatwa na kutobolewa chini. Mchicha huvunwa ndani ya mwezi mmoja hivi. Kotimiri, mnanaa, pilipili na mchaichai havihitaji nafasi kubwa, na mrehani utanukiza roshani. Ila madumu yasipangwe juu ya ukingo wa roshani hata kidogo. Upepo wa kusi hauulizi chini kuna nani. Na kila dumu liwe na kisahani, lisije likadondoshea tope kwenye kanga za jirani.

Vifuko vya plastiki vya kubebea bidhaa vimepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia miaka mingi kabla. Kikapu cha miyaa kilichotundikwa nyuma ya mlango wa nje hakisahauliki mtu anapotoka kwenda sokoni. Hilo halina haja ya maelezo zaidi.

Moto ni jambo zito. Wapo wanaopikia mkaa roshanini ili kuokoa gesi, na mvua ikinyesha jiko huingizwa ndani. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu usingizini na kumwua bila ya kumwamsha. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kamwe, hata likionekana limebaki majivu na makaa mekundu machache. Kwa anayetaka kuokoa gesi, njia salama ni kuroweka. Maharage au choroko zilizolala majini usiku kucha huiva kwa muda mfupi zaidi, na sufuria yenye mfuniko hupunguza muda huo tena. Chetezo nacho kikumbukwe. Udi na ubani ni pambo la nyumba zetu, lakini moshi ni moshi. Katika sebule iliyofungwa madirisha huweza kumwamshia mtoto pumu. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana kabla ya kufukiza, na aliye na pumu atoke kwanza.

Limebaki lile ambalo ua ulilitoa na ambalo halizungumzwi sana: jua kwa akina mama. Uani mwanamke aliweza kuvua mtandio, kukunja mikono na kukaa juani huku akichambua mchele. Ghorofani, roshani yake inatazamana na roshani ya watu. Hutoka akiwa amejisitiri kama ipasavyo, hurudi ndani, na mchana hukaa nyuma ya pazia. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa kupigwa na jua moja kwa moja, na ile miale inayofanya kazi hiyo huzuiwa kwa sehemu kubwa na kioo cha dirisha. Kukaa karibu na dirisha lililofungwa hakusaidii. Upungufu wake hudhoofisha mifupa na misuli ya mtu mzima, na kwa watoto wadogo huleta matege. Wapo wanaodhani kwamba katika nchi yenye jua kali kama yetu suala hili halipo. Jua lipo nje. Swali ni nani analifikia.

Mkeka wa zamani au wavu wa kivuli ukifungwa katika vyuma vya roshani, kutoka chini hadi usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, hurudisha sitara bila ya kuzuia jua linalotoka juu. Jua la alfajiri na la kuelekea magharibi halina nguvu ya kutosha kwa kazi hii. Baina ya saa tatu na saa nne asubuhi ni wakati unaovumilika. Dakika 15 hadi 30, mikono na miguu ikiwa wazi, mara kadhaa kwa wiki, ni mwanzo mzuri, na mwenye ngozi nyeusi zaidi huhitaji muda mrefu zaidi. Majengo yenye paa bapa na ukuta imara yanaweza kukubaliana saa ya akina mama juu ya paa, watoto wakishikwa mkono. Dagaa, vibua na kiini cha yai husaidia upande wa chakula. Mjamzito, anayenyonyesha, na bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka ngazi ndio wa kutazamwa kwanza. Maumivu yao ya mifupa yasihesabiwe kuwa uzee au uchovu kabla ya daktari kuulizwa.

Kwa wenye magoti mazima, ngazi zenyewe ni zoezi. Ghorofa tatu kwa miguu baada ya swala ya alfajiri msikitini, kabla lifti haijaanza kugombewa, hutosha kuupasha moyo.

Na mwisho, tangi la paani. Wapangaji wengi hawajapata kuliona, ingawa wote hunywa, hupika na hutawadha kutoka humo. Mfuniko wake upo, au ulichukuliwa na upepo? Ndani mna tope kiasi gani? Kamati ya jengo ipange siku moja kila baada ya miezi sita. Vijana wawili wanaoaminika wapande, watoe maji, wasugue kuta kwa brashi, watie klorini kwa kipimo kilichoandikwa katika chombo chake, wasuuze, wafunike. Maji ya kusafishia yateremshwe kwa ndoo na kuoshea ngazi kuanzia juu kwenda chini. Tangazo libandikwe mlangoni siku tatu kabla, ili kila nyumba ijaze ndoo zake jioni ya kuamkia siku hiyo, na kuzifunika.