Kamera Ilipokata Pumzi

Mwaka 2018, mjini Lamu, vijana wa mitaa miwili walishindanisha punda ukingoni mwa bahari. Hayakuwa yale mashindano makubwa ya siku za Maulidi, yenye wageni na shangwe. Haya yalikuwa ya wenyewe kwa wenyewe, na kwa sababu hiyo yalikuwa makali zaidi. Mimi nilisimama kwenye mstari wa mwisho na kamera ya kuazima, yenye sifa ya kupiga picha 8 kwa sekunde moja. Nilipowaona punda wawili wakichomoza, wamebanana bega kwa bega, nikabana kidole. Kamera ikalia kama cherehani. Walipobakisha hatua 10 hivi kufika, ikanyamaza. Nikabonyeza, wapi! Kitaa chekundu kikawa kinapepesa tu. Ilipozinduka, punda wamekwisha pita, nami nikaambulia picha ya mkia.

Lau mambo yangaliishia hapo, ningalicheka. Lakini kila upande ulidai kuwa punda wao ndiye aliyetangulia, na watu wote wakanigeukia mimi. "Ami, hebu tuoneshe picha!" Nilikuwa nazo 17, zote za punda wakiwa mbali. Ushahidi waliouhitaji haukuwamo.

Basi, ndugu msomaji, tangu siku hiyo nilijifunza kwamba kasi ya kamera ni jambo moja, na pumzi yake ni jambo jingine. Wauzaji hutangaza kasi kwa herufi kubwa. Pumzi huandikwa kwa herufi ndogo, tena ukurasa wa mwisho.

Sisi tuliosoma chuoni twaielewa habari hii bila taabu. Maalimu humwandikia mtoto aya katika ubao kwa wino. Mtoto huzisoma mpaka zikamkaa moyoni. Ndipo ubao ukaoshwa, akaandikiwa nyingine. Ubao ukiwa umejaa, na moyo haujahifadhi, hapana pa kuandika, hata kalamu ya maalimu iwe nyepesi namna gani. Ndani ya kamera ya dijitali pana ubao wa namna hiyo, nao huitwa bafa. Ni kumbukumbu ya muda, yenye wepesi mkubwa lakini nafasi ndogo. Picha hutoka kwenye sensa zikatua humo, kisha huhamishwa moja moja kwenye kadi, ambako ndiko kwenye makao yao. Picha zikiingia kwa wingi kuliko zinavyotoka, bafa hujaa, na kamera husita au hupunguza mwendo.

Tupige hesabu. Chukua kamera ipigayo picha 10 kwa sekunde, kila picha ghafi ikiwa na megabaiti 25. Kila sekunde huingia megabaiti 250. Ikiwa kadi yaweza kupokea megabaiti 90 kwa sekunde, basi 160 zitabaki zikirundikana. Bafa ya megabaiti 800 itajaa kwa sekunde 5. Mtie kadi goigoi, ya megabaiti 30 kwa sekunde, na bafa itajaa kabla ya sekunde 4. Walakin hasara kubwa ni ile ya baadaye: kadi ya kwanza itaimaliza shehena hiyo kwa sekunde 9, na ya pili kwa sekunde 27. Katika sekunde 27 punda amefika, amenyweshwa maji, na ugomvi umeanza.

Kwa hiyo mnunuzi asidanganywe na tarakimu kubwa iliyo usoni mwa kadi. Mara nyingi hiyo ni kasi ya kusoma, si ya kuandika. Atazame herufi V: V30 ni ahadi ya megabaiti zisizopungua 30 kwa sekunde, na V90 ni zisizopungua 90. Na kadi kali ikitiwa katika kamera ya kizamani, yenye tundu la kasi ndogo, itakwenda mwendo wa tundu hilo.

Wako wanaodhani kwamba dhiki hii imeletwa na dijitali. Sivyo. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi, kila moja ikifyatuliwa na uzi aliougusa mnyama akipita. Tajiri Leland Stanford alitaka kujua kama farasi akienda mbio huinua miguu yote minne kwa pamoja. Jawabu likawa ndiyo. Lakini huiinua ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, si ikiwa imetandazwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea. Kamera 12, picha 12, basi. Baadaye Nikon F5 ya mwaka 1996 ilipiga picha 8 kwa sekunde, ikaitafuna filamu ya picha 36 kwa sekunde 4.5. Nikon D7100 ya mwaka 2013 ilipiga 6 kwa sekunde, na picha ghafi za ubora wa juu zikajaza bafa baada ya 6 tu. Ndugu yake D7200, mwaka 2015, ilifikisha 18. Hata Sony a9 III iliyotangazwa mwaka 2023, yenye uwezo wa picha 120 kwa sekunde, hukata pumzi kwa mwendo huo baada ya sekunde 1.6 hivi.

Mtu aweza kuacha picha ghafi akatumia JPEG, ambazo ni nyepesi, na mfululizo ukarefuka. Mimi siwezi. Uso ulio chini ya kofia, jua la saa sita, wahitaji ile nafasi ya kuufufua kutoka gizani, nayo hupatikana katika picha ghafi. Bora nipige chache. Mshororo wa shairi langu nimeuzoea kuwa na mizani 16, na sijapata kulalamika kwamba hainitoshi.

Wazee waliamua punda wakimbizwe tena alasiri. Safari hii nilikiacha kidole kikingoja. Punda wakaja, vumbi likaja, makelele yakaja, mimi kimya. Walipobakisha urefu wa mashua moja nikabana, nikapata picha 6. Katika ya nne pua moja ilikuwa imevuka mstari na nyingine bado. Ugomvi ukaisha papo hapo.

Yule kijana aliyeshindwa alikuja kuitazama peke yake, akaishika kamera kwa muda mrefu, kisha akaniomba nakala. Nikamwuliza ya nini, naye ameshindwa? Akanionesha kwa kidole: punda wake, miguu yote minne, haikuwa imegusa ardhi.