Fizi na Baraka: Shule zilizovuka ziwa na kurudi

Mwaka 1883, Mapadre Weupe walifungua misheni Kibanga, upande wa Ubwari, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Fizi, Kivu Kusini. Wengi wa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Walifundishwa dini, kusoma na kazi za mikono.

Shule hiyo haikudumu. Mwaka 1893 misheni ilifungwa baada ya maradhi kuwachosha mapadre na watoto, na watu wake wakahamia kusini, hadi pande za Mpala na Kirungu. Ni huko kusini, na si Ubwari, alikotokea Stefano Kaoze, ambaye mwaka 1917 alikuwa Mkongomani wa kwanza wa zama hizo kupewa upadre.

Tangu hapo, elimu katika ukingo huu wa Ziwa Tanganyika imekuwa na tabia hiyo: watu wakihama, shule huhama nao.

Wakati wa ukoloni, Wabelgiji waliwaachia wamisionari kazi ya kufundisha. Hadi mwaka 1948 ruzuku ya serikali ilikwenda kwa shule za Kikatoliki, na Waprotestanti walijitegemea. Katika Ubembe, hilo lilikuwa na uzito, kwani makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa na waumini wengi. Wamethodisti Huru wanajulikana hadi leo kwa hospitali yao ya Nundu. Hata sasa, shule nyingi za umma nchini zinaendeshwa na makanisa, huku serikali ikitakiwa kuwalipa walimu.

Uhuru wa mwaka 1960 ulileta matumaini, lakini vita havikukawia. Waasi wa Simba waliliteka eneo hili mwaka 1964, na mwaka uliofuata Che Guevara na wapiganaji wa Kuba walivuka ziwa kutoka Kigoma kuja kuwasaidia. Jeshi la serikali na mamluki waliirudisha Baraka mikononi mwao mwishoni mwa 1965.

Mwaka 1967, wakati Kinshasa ilipoanzisha mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP katika milima ya Fizi. Kwa miaka mingi sehemu ya milima hiyo ilikuwa chini ya waasi. Mtoto aliyezaliwa huko hakuwa na njia rahisi ya kufika kwenye mtihani huo.

Pigo kubwa zaidi lilikuja na vita vya 1996 na 1998. Maelfu ya familia zilipanda boti na mitumbwi kwenda Tanzania, zikapokelewa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, mkoani Kigoma. Hapo walimu wakimbizi walifanya uamuzi wenye maana kubwa: watoto waendelee na mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ingawa wako katika ardhi ya Tanzania. Walitaka cheti cha mtoto kitambulike siku ya kurudi nyumbani.

Siku hiyo ilianza Oktoba 2005, Umoja wa Mataifa ulipoanza kuwarudisha wakimbizi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Vijana walioshuka bandarini walikuta madarasa machache yaliyosimama na madawati yaliyojaa watu, lakini masomo yao hayakuwa yamepotea.

Leo mtihani ni mwingine. Katiba ya mwaka 2006 inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, na mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi aliagiza agizo hilo litekelezwe. Watoto walijaa madarasani. Hata hivyo, nchini kote wako walimu wanaofundisha bila jina lao kuwamo katika orodha ya mishahara ya Kinshasa. Mwalimu asipolipwa na serikali, mzigo hurudi kwa mzazi, awe mvuvi au mkulima wa muhogo. Mzazi akishindwa, machimbo ya dhahabu ya Misisi na mitumbwi ya uvuvi viko tayari kumpokea mtoto.

Pamoja na hayo, Fizi imepokea wageni. Tangu 2015, wakimbizi wa Burundi wameishi katika kambi ya Lusenda, na watoto wao wamekuwa wakisoma katika shule za jirani pamoja na wenyeji. Wazazi wengi wa hapa wanajua maana yake, kwa sababu wao wenyewe walijifunza kusoma wakiwa kambini, ng'ambo ya ziwa.

Kinachobaki ni kuhakikisha mwalimu anayewapokea watoto hao wote analipwa. Shule za Fizi zimestahimili maradhi, waasi na ukimbizi kwa sababu daima alikuwepo mtu wa kushika chaki.