Mashine ya Kufulia Ikigoma: Tufanye Wenyewe Tunayoyaweza



Katika ziara zetu za matawi, viwandani na mashambani, tunaona badiliko katika nyumba za wafanyakazi. Mashine za kufulia nguo, ambazo zamani zilikuwa katika nyumba za mameneja tu, sasa zimeingia hata kwenye laini zetu. Nyingi ni zile ndogo za mapipa mawili: pipa moja la kufulia na jingine la kukamulia. Baadhi zimenunuliwa kwa mkopo wa ushirika, baadhi ni za mtumba, na baadhi zimenunuliwa na kina mama watatu au wanne kwa kuchanga fedha zao.

Hiyo si anasa. Mama anayechuma majani ya chai tangu asubuhi akirudi nyumbani hukuta beseni la nguo linamngoja. Mashine humpa nafasi ya kukaa na watoto wake. Kwa hiyo siku inapogoma ni hasara ya kweli. Fundi akiitwa hutazama kidogo, husema "mota imekufa," kisha hutaja bei inayokaribia mshahara wa mwezi. Lakini mara nyingi mota ni nzima. Kilichoharibika ni mkanda, au fyuzi, au sarafu imenasa chini ya sahani.

Sisi tunaofanya kazi na mitambo kila siku tunajua mkanda ni nini, puli ni nini, na beringi ni nini. Hakuna sababu ya kuiogopa mashine ndogo ya nyumbani. Lakini pia hakuna sababu ya kuidharau, kwa sababu ndani yake umeme na maji vinakaa jirani. Katika makala hii tunaeleza kazi ambazo mfanyakazi anaweza kuzifanya mwenyewe, na zile ambazo asiziguse.

Kwanza, usalama

Kiwandani tunadai kwamba mtambo usifunguliwe mpaka umezimwa, umekatwa umeme, na hakuna mtu anayeweza kuuwasha. Sheria hiyo ndiyo ya nyumbani pia. Kuzima swichi hakutoshi. Chomoa plagi kwenye soketi, na uiweke mahali unapoiona, ili mtoto asije akaichomeka wakati mikono yako iko ndani. Mwaga maji yote, kausha sakafu, na uvae viatu vikavu.

Kama ukigusa mashine unasikia mwasho wa umeme, hata kidogo, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiiguse tena kabla ya kukata umeme kwenye swichi kuu ya nyumba. Wengine huzoea mwasho huo na kusema "ni kawaida yake." Si kawaida. Maana yake umeme unavuja, na waya wa ardhi haupo au umekatika. Siku moja mtu atasimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, na mwasho utakuwa kifo. Plagi ya mashine iwe ya miguu mitatu, na soketi iwe na waya wa ardhi ulio mzima. Kama nyumba ni ya kampuni na soketi hazina waya wa ardhi, hilo si jambo la mfanyakazi kutengeneza kwa waya wa kuokota. Mpelekeeni mwajiri dai hilo kupitia tawi lenu, kwa maandishi, na fundi umeme mwenye leseni aletwe.

Soma kibao kabla ya kununua

Nyuma ya kila mashine kuna kibao kidogo chenye namba. Katika Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo umeme wa nyumbani ni wa volti 220 mpaka 240. Lakini mashine za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Japani hutumia volti 100, na za Marekani hutumia volti 120. Ukiichomeka mashine ya namna hiyo moja kwa moja kwenye soketi yetu, itaungua. Kibao kikisema 100V au 120V, usiinunue, hata ikiwa rahisi namna gani.

Mashine imekufa kabisa

Usianze kwa kufungua mashine. Chomeka redio au taa kwenye soketi ile ile. Ikiwa haiwaki, ugonjwa uko kwenye soketi. Ikiwa inawaka, fungua plagi ya mashine na utazame fyuzi na nyaya. Mara nyingi waya mmoja umelegea kwenye skrubu yake, au umekatika pale unapoingia kwenye plagi, kwa sababu watu huchomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika plagi.

Asiye na mita ya umeme anaweza kutengeneza kipimo chake kwa betri za tochi, balbu ya tochi na vipande viwili vya waya. Gusisha ncha za waya pande mbili za fyuzi uliyoitoa. Balbu ikiwaka, fyuzi ni nzima. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kupima waya wa plagi na swichi ya kifuniko. Kipimo hiki ni cha kutumia wakati plagi imechomolewa tu. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe na nyingine yenye namba ile ile. Usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Kazi ya fyuzi ni kufa ili wewe na mashine mpone.

Inavuma lakini haizunguki

Ukisikia mota inavuma na pipa limetulia, chomoa haraka. Mota inayovuma bila kuzunguka hupata joto na kuungua. Chomoa, kisha tafuta sababu kwa utaratibu huu.

1. Tazama chini ya sahani. Ndani ya pipa la kufulia kuna sahani ya plastiki inayozungusha maji, nayo imeshikwa na skrubu moja katikati. Fungua skrubu, pitisha kamba nyembamba chini ya kingo zake pande mbili, uivute juu taratibu. Hapo utakuta sarafu, vifungo, soksi ya mtoto, misumari iliyosahauliwa mfukoni mwa ovaroli. Safisha na urudishe.

2. Tazama mkanda. Fungua kifuniko cha nyuma. Utaona mota ya kufulia na puli mbili zilizounganishwa na mkanda. Mkanda uliokatika utauona mara moja. Uliolegea utautambua kwa dalili hii: sahani huzunguka pakiwa na maji tu, lakini ukitia nguo inasimama. Bonyeza mkanda katikati kwa kidole gumba. Ukizama zaidi ya upana wa kidole kimoja, umelegea. Legeza boliti za mota, isukume mota nje kidogo mpaka mkanda ukaze, kisha kaza boliti. Usikaze kupita kiasi, utaua beringi. Ukinunua mkanda mpya, nenda na ule wa zamani dukani, au uandike namba iliyochapwa juu yake.

3. Tazama kapasita, ambayo mafundi wengine huiita kondensa. Ni kile kikopo au kiboksi chenye nyaya mbili au tatu kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Kama mkanda ni mzima, na puli inazunguka kwa urahisi ukiigeuza kwa mkono wakati umeme umechomolewa, basi mshuku huyu. Kapasita iliyovimba au inayovuja mafuta imekwisha.

Hapa tunaomba usikivu. Kapasita inaweza kubaki na umeme ndani yake hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiiguse kwa vidole. Chukua balbu ya zamani ya nyumbani, ile yenye uzi unaowaka ndani, ikiwa kwenye kishikio chake chenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri. Gusisha nyaya hizo kwenye ncha za kapasita kwa sekunde kadhaa, kila jozi kwa zamu yake, ili umeme uishe. Ndipo uandike mahali pa kila waya, uifungue na uende nayo dukani. Mpya iwe na namba ile ile ya mikrofaradi, iliyoandikwa µF. Volti zake ziwe sawa na za zamani au zaidi, wala si pungufu, na iwe ya kutumika kwenye mota. Ya redio haifai.

Pipa la kukamulia limegoma

Kifuniko cha pipa hili kina kazi mbili. Kikifungwa, hugusisha swichi ya umeme na pia huvuta kebo inayoachia breki. Kikifunguliwa, umeme hukatika na breki hushika. Kwa hiyo pipa likikataa, tazama kama kifuniko kimekaa sawasawa, kama swichi inagusa, na kama kebo ya breki haijalegea wala kukatika. Tazama pia kama soksi au kitambaa kimeingia kati ya pipa la ndani na la nje. Likivuma tu wakati breki imeachia na hakuna kilichonasa, rudi kwenye habari ya kapasita.

Kuna watu ambao, swichi ya kifuniko ikiharibika, huunganisha nyaya zake moja kwa moja ili pipa lizunguke hata likiwa wazi. Tunakataza jambo hilo kabisa. Pipa hilo huzunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, na nguo iliyolowa ikijisokota kwenye mkono wa mtoto itauvunja. Sisi hatukubali mwajiri aondoe kinga kwenye mtambo wa kiwandani ili kazi iende haraka. Tusiiondoe nyumbani kwetu.

Ikiwa pipa linazunguka lakini mashine inarukaruka, mara nyingi si ubovu. Panga nguo upya zilale sawasawa pande zote, na weka mashine kwenye sakafu tambarare.

Maji hayatoki, au yanatoka mahali pasipotakiwa

Mashine nyingi za mapipa mawili hazina pampu. Maji hushuka yenyewe. Kwa hiyo mpira wa kutolea maji ni lazima ulale chini. Ukiuning'iniza kwenye ukingo wa karo, maji hayatapanda. Kama mpira uko chini na maji bado hayatoki, umeziba kwa nyuzi za nguo, au kile kikanda kinachoinua vali unapogeuza kitufe kimekatika. Ikiwa maji yanavuja polepole wakati wa kufua, yumkini uchafu umekaa chini ya mpira wa vali. Fungua mfuniko wa vali, safisha, rudisha.

Kwa kutafuta mahali panapovuja, kausha sakafu, tandika gazeti chini ya mashine, tia maji bila kuchomeka umeme, na utazame tone la kwanza linaangukia wapi. Klipu ya mpira iliyolegea ni kazi ya dakika tano. Lakini maji yakishuka kutoka katikati ya pipa la kukamulia, mpira wa shafti umechakaa, na chini yake iko mota. Usiitumie mashine mpaka mpira huo ubadilishwe.

Kazi za kumwachia fundi

Kusuka mota upya, kutafuta umeme unaovuja, na mashine za kisasa zenye mlango wa mbele na sahani za elektroniki, hizo ni kazi za fundi aliyesomea. Lakini hata hapo usiende kama kipofu. Mweleze umeona nini na umejaribu nini. Mwambie akuonyeshe kifaa kilichoharibika, na ukichukue cha zamani. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Nguo za sumu

Wenzetu wanaopiga dawa mashambani wasichanganye nguo za kazi na nguo za nyumbani. Zifuliwe peke yake, kisha mashine isuuzwe kwa maji na sabuni kabla nguo za mtoto hazijaingia. Tena tukumbuke kwamba mzigo huo si wetu peke yetu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwajiri anayetoa dawa ya kunyunyiza anapaswa kufikiria pia nguo zitafuliwa wapi. Tawi lililo na mashamba ya kupiga dawa liiweke hoja hiyo kwenye meza ya majadiliano.

Shauri letu kwa matawi

Mfanyakazi mmoja akinunua vifaa vyote peke yake ataona ghali. Lakini tawi likichanga linaweza kuwa na sanduku moja: bisibisi mbili, spana chache, koleo, kipimo cha betri, mita ya umeme na utepe wa umeme. Sanduku likae kwa katibu, na kila anayeazima aandike jina. Wale wa karakana wawafundishe wa mashambani, na kina mama wasiachwe nje, kwa kuwa wao ndio wanaoijua sauti ya mashine inapoanza kubadilika.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkanda uliolegea leo ni kazi ya spana moja. Ukiachwa, kesho ni mota. Tujifunze, tufundishane, na fedha ya jasho letu ibaki nyumbani kwetu.

Umoja ni nguvu.