Goti Likiumia, Cheti Hubaki

Mzazi wa Malindi au Kilifi, je, mwanao ni nyota wa kandanda shuleni na tayari ameahidiwa ufadhili wa chuo? Furahi, lakini kumbuka ajali haina kinga. Kano kuu ya goti ikikatika, mchezaji hukaa nje takriban miezi 9 au zaidi, hata akipasuliwa. Kwa mwanafunzi, huo ni msimu mzima bila kuonekana na wasaka vipaji.

Goti likivimba ghafla, mpeleke hospitali. Usimkande kwa maji moto kisha ukamrudisha uwanjani.

Na vitabu asiviache. Alama ya C+ katika KCSE ndiyo humfungulia mlango wa shahada, hata pale Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Mlango huo hauulizi habari za goti.