Kerezo la Bei Nafuu Halimwaibishi Fundi

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Niliuonja ukweli wa kauli hiyo nilipokuwa nikifundisha useremala katika shule moja ya upili. Wanunuzi wetu walivutiwa na kerezo lenye jina kubwa kutoka ng'ambo, wakamaliza fedha zote kwa mashine hiyo moja. Haukupita muda, kifaa cha elektroniki cha kudhibiti kasi kikaungua. Kipuri hakikupatikana nchini. Kwa mihula mitatu wanafunzi wangu walijifunza kukereza kwa kutazama michoro ubaoni.

Sisemi kwamba mashine ghali ni mbovu. La hasha! Uzito wake hupunguza mtetemo na beringi zake hudumu. Hata hivyo, kinachoukata mti ni patasi, na patasi butu huuchana mti hata katika mashine ya kifalme. Shule inayonunua kerezo ikakosa fedha za patasi, jiwe la kunolea na kinga za uso, imenunua pambo.

Walimu wenzangu, bei nafuu isiwe kisingizio cha kununua takataka. Kagueni kabla ya kulipa. Sogezeni kichwa cha nyuma hadi ncha yake ikutane na ya kichwa kinachozunguka. Zisipolingana, likataeni kerezo hilo. Tikiseni mhimili mjue kama beringi zimelegea. Hakikisheni hesi zake ni za kipimo cha kawaida, na kwamba kasi hubadilishwa kwa mkanda na kapi, vitu ambavyo fundi wa mtaani aweza kuvirekebisha.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi wengi walichanga fedha za kujenga karakana. Baadhi yake ziliishia kuwa maghala. Leo mtaala wa umilisi unarejesha ufundi shuleni. Je, turudie kosa? Heri makerezo mawili ya kawaida yanayoguswa na kila mwanafunzi kuliko moja la fahari lililofunikwa shuka.

Nanyi wanafunzi, msiidharau mashine duni. Mafundi wa Lamu walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo lililozungushwa kwa kamba, na kazi zao zingali zinatamaniwa. Anayezitazama huusifu mkono uliozitengeneza, wala haulizi kerezo lilinunuliwa kwa bei gani.