Adabu za Barua Pepe



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wa Kilosa na Mikumi, tunaye mwenzetu aliyemaliza kidato cha sita akafunguliwa anuani ya barua pepe na kijana wa stesheneri. Namba ya simu iliyowekwa ilikuwa ya kijana yule, na neno la siri alilijua yeye peke yake. Kijana akahama mji. Wito wa usaili wa kazi ukaja kwenye anuani ile, na mwenyewe akaja kuuona siku ya usaili imeshapita. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu na ya kazi za serikali siku hizi hujazwa kwenye mtandao, hivyo jambo hili si dogo.

Barua pepe ni kama sanduku la posta. Ujumbe hauingii ndani ya simu yako moja kwa moja. Hukaa kwenye kompyuta kubwa ya kampuni inayotoa huduma, ukakungoja. Ndiyo maana barua uliyotumiwa ukiwa Kilosa waweza kuifungua ukiwa Mikumi, hata kwa simu ya kuazima, mradi unao ufunguo. Ufunguo ndio neno la siri. Liandike kwenye daftari linalobaki nyumbani, na namba ya simu iwe yako au ya mzazi. Ukitumia kompyuta ya watu, toka kwenye anuani yako kabla ya kuinuka kitini.

Anuani ina sehemu mbili, jina lako na jina la kampuni, katikati ikiwa alama ya @. Alama hiyo aliichagua Mmarekani Ray Tomlinson mwaka 1971. Ukikosea herufi moja, barua hurudi au humfikia mtu mwingine. Chagua jina la heshima. Majina ya utani yanachekesha darasani, lakini mbele ya mwajiri yanaaibisha.

Tukija kwenye adabu, tunacho kisa cha Nabii Sulayman (a.s.) katika Suratun-Naml. Barua yake ilipelekwa na hudhud, na malkia wa Sabaa alipoisoma alijua mara moja imetoka kwa nani, tena imeanza kwa jina la Allah. Ni wangapi kati yetu hutuma ujumbe usio na salamu wala jina? Palipo na nafasi ya kichwa cha barua, andika kama tunavyoandika YAH: kwenye barua za ofisini. Kisha salamu, haja yako kwa maneno machache, na jina kamili. Yale ya "xaxa" na "cjui" yabaki kwenye simu za marafiki. Kuandika kwa herufi kubwa tupu ni kama kumfokea mtu.

Ukiwaandikia watu wengi wasiojuana, weka anuani zao palipoandikwa Bcc ili zisionekane kwa wengine. Anuani ya mtu ni amana.

Na zile barua za "tuma kwa watu kumi upate baraka"? Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuhakikisha habari. Isitoshe, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imefanya kueneza habari za uongo kwa makusudi kuwa kosa. Zifuteni.

Asiye na anuani amwombe mwalimu amwelekeze, lakini neno la siri alichape mwenyewe, na mwalimu ageukie pembeni.