Kisumu Haikuzaliwa na Reli

Mgeni afikapo Kisumu hakosi kupelekwa ufuoni. Nami katika likizo iliyopita sikukosa. Nilianzia upande wa bandari, mahali reli ikomapo karibu na maji.

Hapo nilikuta kundi la wanafunzi na mwalimu wao. Mwalimu alieleza kwa ufasaha kwamba ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896, ukafika hapa tarehe 20 Desemba 1901. Florence Preston, mke wa msimamizi wa utandazaji wa reli, ndiye aliyegongelea msumari wa mwisho. Nayo bandari ikajulikana kwa jina la Port Florence. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kabla ya reli palikuwa na nini hapa?" Jibu lilikuwa fupi: "Hapakuwa na kitu. Palikuwa kichaka na mbu."

Simlaumu mwalimu yule, maana hivyo ndivyo wengi wetu tulivyofunzwa. Hata hivyo, jina lenyewe la mji linalikanusha jibu lake. Wajaluo husimulia kwamba Kisumu ni neno litokanalo na kisuma, yaani mahali pa kubadilishana vyakula. Mwenye nafaka alikuja kutafuta samaki, na mwenye samaki akatafuta nafaka. Kumbe soko lilitangulia stesheni!

Meli nazo zina fumbo lao. SS William Mackinnon ilishushwa ziwani mwaka wa 1900, kabla ya reli kufika. Je, ilifikaje? Ilisafirishwa vipande vipande kutoka Uskoti, na kutoka pwani vipande hivyo vikabebwa na wapagazi. Jina la tajiri Mackinnon liliandikwa ubavuni mwa meli; majina ya waliochubuka mabega hayakuandikwa popote. Aidha, wanafunzi wangefurahi kujua kwamba reli ilipofika, Kisumu ilikuwa bado sehemu ya Uganda. Ilihamishiwa himaya ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya, mwaka wa 1902.

Kutoka bandarini nilielekea kusini hadi Dunga, ambako mafunjo yameota ukingoni na wavuvi huegesha mashua zao. Akina mama walikuwa wakikaanga ngege na kuanika omena, huku wanunuzi wakibishana nao juu ya bei. Nikajiambia: kisuma si hekaya, kingali hai.

Ndiyo sababu nina wasiwasi. Mwaka wa 2019, bandari ilipokuwa ikikarabatiwa, vibanda vya wauza samaki katika ufuo wa Lwang'ni vilibomolewa. Sipingi ukarabati, kwani bandari iliyolala haimlishi mtu. Ninalopinga ni ile fikira kwamba muuza samaki ni uchafu wa kuondolewa ili watalii waone ziwa. Tukiamini kwamba kabla ya reli hapakuwa na kitu, hatutaona hasara tukimfukuza mrithi wa waliokuwapo.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi bandarini, wahesabu miaka ya reli na meli. Lakini msirejee shuleni kabla ya kufika Dunga. Waacheni wawaulize wazee na akina mama wa pale lile swali la yule mwanafunzi. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya mji huu bado inauzwa ufuoni, mbichi na iliyokaangwa.